Karatasi ya Mwisho Ilifunga Njugu

Yule Mzungu jirani yangu akikosa kitu cha kusoma, hakai. Anaenda mlangoni, anarudi. Anafunua sufuria ambayo haina kitu, anafunika. Anatoka nje, anaangalia barabara, anaingia tena, kama kuku anatafuta mahali pa kutaga. Mimi namtazama kutoka shamba yangu, kikapu ya majani chai iko mgongoni, na roho yangu inaniambia, huyu leo anaondoka.

Kwao alikuwa nesi. Zamani akiwa msichana alifanya kazi kwa hospitali ya misheni huku kwetu, akarudi kwao, akazeeka, akapewa pensheni, halafu akakuja tena. Ati anapenda baridi ya Itumbe. Nani anapenda baridi? Sisi tunakaa na hii baridi kwa sababu ilitupata hapa. Akakodi nyumba ya mtoto wa shemeji yangu, yule ako Nairobi, na kati ya mlango yake na yangu ni ua ya miti peke yake. Mimi namuita Sista, venye tulikuwa tunaita manesi. Yeye ananiita Mong'ina, kwa sababu mimi ni mama mzee, na akisema hiyo neno unafikiri ako na ndizi moto mdomoni.

Shule sikuenda. Lakini sauti za watu, hizo ninazo zote. Chifu akiongea kwa baraza, mimi jioni naongea kama chifu. Pasta, naye ninaye, na ile kikohozi yake ya kuomba sadaka. Shida ni kwamba watu wa huku wamezisikia zote. Nikipigia watoto wangu simu nianze na ya chifu, wanasema, "Mama, hiyo ulitufanyia Krismasi." Ni Sista peke yake ndiye bado anacheka mpaka anashika nguzo ya nyumba. Mzee wangu alishakufa, watoto wako mbali. Huyu akienda, nitachekesha ng'ombe?

Na alikuwa anataka kwenda. Alikuja na kibao ya kusomea, ile inawaka kama simu. Mvua ikavuja kwa mabati, kibao ikakunywa maji, ikakufa. Binti yake huko ng'ambo akatuma vitabu, na mpaka leo hakuna mtu anajua viko nchi gani. Sasa huyo binti kila Jumapili kwa simu, wii-wii-wii, Kizungu ya kulia. Siku moja Sista akaweka simu chini, akaniambia. Kiswahili yake anaiweka moja moja, kama mtu anapanga mayai.

"Mong'ina, mimi ninaweza kuishi bila umeme. Ninaweza kuishi na matope haya. Bila kitabu siwezi. Kichwa changu kinatembea usiku na mchana. Binti yangu anasema nirudi, kwao kuna maktaba kila mahali."

"Na utarudi?"

"Nikikosa kabisa, nitarudi."

Nikaona sanduku yake imetolewa chini ya kitanda. Haikuwa imepakiwa, lakini ilikuwa imepanguswa vumbi.

Basi na mimi nikaanza kutotulia. Nikamletea kila kitu iko na Kizungu. Lesoni ya kanisa, akasoma. Kalenda ya duka, akasoma. Gunia ya mbolea, nikaikuta ameitandika kwa magoti anasoma nyuma yake, uso imeinama kama mtu anasomewa habari ya msiba. "Inasema nisile," akaniambia, na akaikunja vizuri akaiweka.

Tukaenda mpaka Kisii mjini. Mwenye duka ya vitabu ni Muislamu mmoja mpole, Kiswahili yake imenyooka mpaka wewe unaona haya kufungua mdomo.

"Karibu, bibi yangu. Mwataka vitabu vya darasa la ngapi?"

"Sio ya darasa. Ya huyu mtu mzima. Hadithi ya Kizungu."

"Bibi, sisi hapa twauza vya mtihani. Huyu mgeni wako afanya mtihani gani?"

"Mtihani ya uzee," nikamwambia. "Na anaanguka."

Akacheka sana, akatupatia chai, lakini kitabu hakukuwa.

Ile siku nilipata, sikuwa hata natafuta. Ilikuwa soko ya Ogembo. Nimenunua njugu kwa mama mmoja anauza na ndoo, amenifungia kwa karatasi imeviringwa kama pembe, na nikaangalia ile karatasi. Herufi ni ndogo ndogo, zimejazana, hakuna picha ya moyo wala ya mahindi. Nikasema, hii sio ya shule. Nikainama chini ya meza yake. Gunia mzima ya vitabu! Mwalimu mkuu fulani alikuwa amekufa, watoto wake wakafagia nyumba, wakauzia watu wa njugu.

"Hizi zenye bado hujararua nipatie."

"Zote nimeshaanza, mama. Nararua kila moja kidogo kidogo."

Sikumsikiza vizuri. Nilichagua kwa unene na kwa picha ya juu. Moja ilikuwa na mwanamke ameficha mkono nyuma, nikasema, hapa kuna maneno.

Sista alizipokea kama mtu amepewa mtoto. Akazinusa! Hiyo ya mwanamke akaanza hapo hapo. Na kwa sababu mimi sijui kusoma, alinilipa kwa kunihadithia. Kila jioni tukichambua maharagwe ananiambia imefika wapi. Kulikuwa na mzee tajiri amekunywa chai akafa. Kulikuwa na mke wake mdogo, na mpishi, na daktari, na mpwa anapenda farasi. Mimi nikampatia kila mtu sauti. Mpishi nikampa ya pasta. Daktari nikampa ya chifu. Mpwa wa farasi nikampa ile ya vijana wa boda boda, "Masa, niaje, twende?" Sista anacheka, maharagwe inamwagika. Sanduku ikarudi chini ya kitanda. Nikatulia.

Halafu asubuhi moja akaruka ua. Mama mzee namna hiyo, anaruka ua.

"Mong'ina! Hakuna mwisho!"

"Mwisho ya nini?"

Akanionyesha kitabu. Nyuma ilikuwa imeng'olewa, uzi zinaning'inia. Akakimbia akaleta zile zingine. Zote, nyuma hakuna. Daktari amewaita watu wote kwa chumba moja, amesimama, ameinua kidole, anasema aliyeua mzee ni, na hapo ndipo karatasi imeisha.

Mimi nikasema ni mpishi. Nikamalizia na sauti ya pasta, nikakohoa, nikatubu, nikalia. Hakucheka hata kidogo. Akaanza kuenda mlangoni na kurudi. Ile ya kuku. Na mimi, msinicheke, nikajipata nafanya hivyo hivyo upande wangu, kwa sababu hata mimi nilitaka kujua.

Siku ya soko tulifika Ogembo mapema, lakini mama wa njugu alikuwa ameshaanza kuuza. Nikamuuliza kwa nini anararulia nyuma.

"Sasa nirarue mbele?" Alikuwa amekasirika kweli. "Mbele ndio iko na picha. Mtu akikuja kununua kitabu anaangalia mwanzo. Mwisho ni ya nani?"

"Ni ya huyu!" nikamwonyesha Sista.

"Basi angesema. Zile karatasi zilibaki nimefungia njugu leo asubuhi, watu wako nazo sokoni."

Hapo mngeona wanawake wawili wazee wakitembea sokoni wakiomba watu karatasi ya njugu. Nilikuwa nasema, "Mwanangu, kula haraka, tunataka sahani." Msichana wa nyanya akatupatia yake. Muhubiri wa kando ya stendi alikataa mpaka amalize, akatafuna polepole akituangalia. Sista anafungua kila karatasi, anapangusa chumvi, anasoma mdomo ikicheza, anatikisa kichwa. Hii ni ya kitabu ingine. Hii ni yetu, lakini ni ya katikati ya maneno, mke mdogo analia tu. Kundi ya watu ilikuwa inatufuata. Kila mtu sasa anauliza nani aliua mzee.

"Yule pale," mama wa njugu akaita. "Yule wa lori ya ndizi. Ya mwisho nilifungia yeye."

Nikageuka. Alikuwa mkwe wangu, bwana ya binti yangu, yule wa Magwagwa. Huwa anakuja Ogembo kununua ndizi. Kwetu mama na bwana ya binti yake wako na heshima, tunaiita chinsoni. Hampeani mkono, hamtaniani, hamuangaliani machoni. Mimi ambaye nachezea chifu, mbele ya huyo kijana nakuwa kama nimeshonwa. Nikaingia nyuma ya ndizi za watu.

"Nenda wewe," nikamwambia Sista. "Mimi siwezi."

"Kwa nini?"

"Ni mkwe. Nenda tu."

Akaenda na mkono imenyooshwa. Na yule kijana, alipomuona, akashuka kwa lori haraka, akavua kofia. Lakini mkono hakushika. Alirudi nyuma, akainamisha macho. Alimwaga njugu yake ndani ya kofia, akanyoosha karatasi vizuri kwa goti, akaiweka juu ya mkungu ya ndizi katikati yao, halafu akasimama kando mpaka Sista aichukue mwenyewe.

"Bwakire, mama," akasalimia akiangalia chini. "Msalimie mama mwingine, yule amejificha."

Sista alirudi polepole. Nilifikiri amekasirika.

"Amekataa kunisalimia kwa mkono. Nimemkosea?"

"Hujamkosea. Wewe unakaa na mimi, unakula na mimi, uko rika yangu. Ameona wewe ni mama mkwe yake. Akikushika mkono ni kama amenishika mimi."

Akasimama hapo na karatasi kwa mkono, soko imemzunguka. Akaangalia lori. Yule kijana bado hakuwa amevaa kofia.

"Kwa hivyo mimi nina mkwe," akasema.

"Uko naye. Na mkwe haachwi tu hivyo na mtu anapakia sanduku. Lazima aagwe, aitwe na wazee, achinjiwe. Ni kazi mingi. Afadhali ukae."

Hiyo ya kuchinja niliongeza tu.

Hapo ndipo akakumbuka kusoma. Watu wote wakasogea, hata muhubiri. Akasoma mbele, akageuza nyuma, akafuta mafuta na kidole.

"Daktari anasema si mpishi," akasema.

"Ni nani basi?"

"Karatasi imeisha."

Watu walipiga kelele mpaka polisi wa soko akaangalia.

Jumapili binti alipiga simu, wii-wii-wii. Sista akamjibu muda mrefu, na alipomaliza nikamuuliza amesema nini. "Nimemwambia siwezi kuja sasa. Kuna jambo sijamaliza Ogembo." Na sanduku ameiweka mahindi.

Kwa hivyo kila siku ya soko tunaenda. Mama wa njugu anatuwekea kando zile zinarudi, watu wa ndizi wanatuletea. Tumebaki na mke, mpwa na daktari mwenyewe. Sista anaamka mapema ananigongea, "Mong'ina, twende," na mimi nakuwa nimeshavaa viatu kitambo. Lakini tukifika sokoni, yeye akienda mbele akinyoosha makaratasi, mimi nabaki nyuma kidogo. Naangalia mikono ya watu. Naomba hiyo karatasi ya mwisho iwe ilitupwa kwa moto.

Halafu nasikia akiita, "Hii! Hii ni yetu!" na mimi ndio nakimbia wa kwanza.