Mbegu Iliyolazwa Nyumba Moja

Pale Nyakasanza, mtaa wa Bunia, majirani walimwita Nadège "Mama Mbili-Mbili", na yeye hakukasirika. Alikuwa na funguo mbili za kila mlango, simu mbili, na hata chumvi aliiweka jikoni na nyingine chini ya kitanda. Mtu akimcheka, humjibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kazi yake ilikuwa kupiga picha: harusi, komunyo, matanga, na vile vipicha vidogo vya kadi ambavyo ndani yake hakuna mtu anayetoka mzuri. Sebule yake ndiyo ilikuwa studio, na pazia la bluu ukutani lilikuwa limeshuhudia nusu ya mtaa ikinyoosha shingo.

Tabia ya mbili-mbili aliirithi kwa mama yake, Régine, mkulima wa Djugu. Kwao, maharage yakishavunwa, mbegu haikulazwa nyumba moja. Nusu ilibaki kwa mwenyewe, nusu ikapelekwa kwa ndugu wa kilima kingine, ili nyumba moja ikiungua, msimu usipotee. Na mbegu hiyo hailiwi, hata njaa ikikaza vipi. Régine alikuwa akisema anayekula mbegu aliyokabidhiwa na ndugu yake ni mbaya kuliko mwizi wa kuku, maana wizi wake hujulikana siku ya kupanda, wakati hakuna tena la kufanya.

Nadège alikuwa na mdogo wake, Davy, wamenyonya ziwa moja. Davy alikuwa na kibanda kilichoegemea ukuta wa studio, na humo aliwajazia watu nyimbo na filamu kwenye simu zao. Ni yeye aliyemletea dada yake kutoka Kampala kisanduku cheusi chenye diski mbili ndani, cha kuunganishwa na mtandao wa nyumbani, ili picha zote ziende kulala humo. Ni yeye aliyekifungua, akakitengeneza, akakiweka juu ya kabati.

"Yaya, hii iko sawa na mbegu ya Mama," alimwambia dada yake, akikipapasa. "Kila kitu inaandikwa mara mbili. Diski moja ikikufa, ingine inabakia."

Haya, nani angekataa maneno kama hayo kutoka kwa mdomo kama huo? Nadège aliamini. Tena akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake: akafuta picha za zamani kwenye kadi za kamera na kwenye simu zote mbili, apate nafasi ya kazi. Kwa hesabu yake, kisanduku kile kilikuwa nyumba mbili tayari.

Humo ndani, kati ya maharusi na watoto wa komunyo, kulikuwa na video moja isiyokuwa ya mteja. Kilipotokea kipindi cha utulivu, yeye na Davy walimpeleka Mama Régine kwenye kilima walichokikimbia wakati wa vita. Nyumba ilikuwa imeungua, na misalaba ya mbao pia. Makaburi ya ukoo yalikuwa matuta tu ndani ya majani marefu, yote yanafanana. Mama alipita kati yao na fimbo, akigonga moja moja na kuita majina: huyu baba yenu, huyu mutoto wangu wa kwanza, huyu nyanya aliyenifundisha kulima. Nadège alimfuata nyuma na simu. Davy alibaki barabarani kulinda pikipiki. Msimu wa mvua uliofuata Mama alifariki, akazikwa Bunia, na baada yake hakubaki mtu aliyejua nani amelala wapi.

Mwaka huu ukoo ukaamua kwenda kusimika misalaba ya saruji. Majina yalishachorwa, siku ikapangwa, na Shangazi Annette, dada wa marehemu baba yao, akaanza kufunga mizigo. Alisema hataki kufa kabla hajampalilia kaka yake. Kazi ya Nadège ilikuwa moja tu, kuleta video.

Wiki ileile ikapiga radi, umeme ukakatika, na uliporudi, kisanduku kikawasha taa nyekundu na kuanza kugonga ndani, ka, ka, ka. Nadège hakutetemeka. Alimwita Davy kwa utulivu wa mtu aliyejiwekea akiba.

"Moja imekufa," alimwambia. "Kuya utoe ile ingine."

Davy alikuja, akatazama. Akasema asikiguse. Akasema kuna kifaa anakingoja. Kesho yake Davy hakupokea simu, na keshokutwa kibanda kilifungwa mapema. Nadège alimwonea huruma, akidhani ni mgonjwa, akampelekea hata supu. Mwishowe aliona siku inakaribia, akakifunga kisanduku ndani ya kitenge na kukipeleka mjini kwa Moïse, fundi wa kompyuta. Davy alipata habari, akamkuta hukohuko, jasho linamtiririka.

Moïse alitoa diski zote mbili. Ya kwanza alipoiwasha ilikwaruza, akaizima haraka. Alisema uso wake umechunika, na kilichochunika hakisomeki tena, hata ukipeleka wapi. Ya pili ilizunguka vizuri, bila kelele.

"Basi tuko sawa," alisema Nadège, na akacheka.

Moïse hakucheka. Alitazama kioo cha kompyuta, kisha akaondoa miwani.

"Mama, hii haikukuwa diski mbili. Mutu aliziunganisha ikuwe moja kubwa. Ya kwanza ilijaa, njo akaanza kuweka mu ya pili. Hakuna kitu iliandikwa mara mbili. Vitu vyako vya zamani vyote vilikuwa mu ile imekufa."

"Na hii nzima, iko na nini?"

Kabla fundi hajafungua mdomo, Davy aliinama juu ya meza.

"Films zangu iko yote?"

Neno hilo lilimtoka kama chafya, na hakuweza kulirudisha. Nadège aligeuka. Alimtazama mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni siku ya kukimbia vita, na kwa mara ya kwanza hakujua anamtazama nani. Aliumia. Hakuumia kwa radi wala kwa diski, aliumia kwa ile supu.

"Weye ulijua."

"Yaya, kwangu nafasi ilikuwa imeisha. Niliona ile ya pili inalala bure tu..."

"Mbegu inalala bure, Davy. Inalala bure mpaka siku ya kupanda. Na ulitumia jina ya Mama."

Davy alianza kuapa kwamba angemwambia, kwamba hakujua diski inaweza kufa ghafla, kwamba marehemu alikuwa mama yake pia. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma Nadège zaidi. Alichukua diski iliyokufa, akaiviringisha kwenye kitenge, akatoka. Ile nzima, yenye filamu za wapiga ngumi wote wa dunia, alimwachia mwenyewe.

Siku ya misalaba haikuahirishwa, maana jamaa walishatoka mbali. Walifika kilimani asubuhi, wakafyeka majani, na matuta yakajitokeza, yote yanafanana. Nadège alijitahidi kukumbuka. Lakini siku ile macho yake yalikuwa kwenye kioo cha simu, si kwenye ardhi, na kilichomjia ni fimbo ya mama tu ikipanda na kushuka.

Shangazi Annette alisimama katikati, ameshika jembe, akawageukia watoto wa kaka yake.

"Bana wangu, baba yenu iko wapi?"

Ukoo mzima ulimtazama Nadège, kisha ukamtazama Davy. Basi Davy akaubeba msalaba wa baba yake, akatembea kwa hatua za mtu anayejua, akausimamisha kwenye tuta lililo karibu na mgomba.

"Ni hapa, Shangazi. Mama alionyesha hapa."

Bibi wa watu akapiga magoti. Akakumbatia udongo, akaanza kumlilia kaka yake kwa jina la utotoni. Nadège alitaka kunyamaza. Amwache mzee apate pa kulia, nani angejua? Angejua yeye. Na angejua Davy, ambaye angeshuka kilima hiki akijiona amelipa.

"Toa, Davy," alisema. "Siku ile weye ulibakia kwa barabara na pikipiki."

Kilio kilikatika. Shangazi alijiinua taratibu, mikono imejaa udongo wa mtu asiyemjua, akamtazama kijana wa kaka yake. Davy aling'oa msalaba. Alisogea kwenye tuta la pili, akarudi, akaenda la tatu. Akasimama ameubeba kifuani, na hakuna mtu aliyemwambia auweke wapi.