Baba Mkwe, Tope na Mkono wa Kulia

Jamani, leo nimemwamkia baba mkwe nikiwa nimelala kwenye tope.

Huku kwetu Bungu milimani, mvua imenyesha tangu alfajiri, na udongo wetu ukilowa unateleza kama mlenda. Na mimi ndiye ninayewahubiria wenzangu wa kijiwe cha bodaboda: kwenye utelezi usikanyage breki ya nyuma kwa pupa. Punguza gia mapema, minya breki zote mbili taratibu.

Sasa nateremka na pikipiki, namwona mzee pembeni, jembe begani. Mkwe huyo, humpiti kama unapita kisiki.

Breki ya mbele iko mkono wa kulia. Nikiuinua, inabaki ya nyuma tu. Nikimpungia wa kushoto, ukoo mzima utaitwa kikao.

Nikajisemea, bora nianguke.

Nikaanguka.

Niliinua wa kulia, "Shikamoo baba!", pikipiki ikachanganya mwendo, mguu wenyewe ukakandamiza breki ya nyuma. Tairi likagoma kuzunguka, pikipiki ikalala, nikaserereka hadi kwenye viatu vyake. Mkono bado uko juu!

Mzee huyu enzi za ujamaa alikuwa dereva wa lori la kijiji, mteremko huu huu. Akaniangalia weee.

"Marahaba, mwanangu. Sisi mkwe tukimkuta mteremkoni, tulishuka kwanza mpaka tambarare, tukasimamisha gari, ndipo tukarudi kwa miguu kumwamkia."

Miaka mitano nimemwoa binti yake, leo ndiyo ananiambia!

Mlio na wakwe milimani, hebu semeni: nyie mlishaambiwa?