Bluu ya Mgongoni

Juzijuzi niliingia kwenye duka moja la rangi mjini Nyeri, nikasimama mbele ya kaunta kama mtu aliyekuja kununua duka lenyewe. Ndivyo ninavyosimama kila mahali, rafiki yangu, na sioni haya kusema. Darasa la sita sikumaliza. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni sokoni, nikabeba viazi vya watu mpaka nikaanza kubeba vyangu. Leo ukiona lori la kijani linashuka kutoka Nanyuki limejaa viazi hadi juu, usiulize ni la nani. Nyumba yangu ya mtaa wa Skuta ni ya ghorofa, na ina vyoo vingi kuliko watu.

Msichana wa dukani alinifungulia ile kadi ya rangi, ikatanuka kama mkia wa bata mzinga aliyekasirika.

"Mzee, unataka bluu gani?"

"Ile nyepesi."

"Zote hizi ni nyepesi. Iko hii kama ya wingu, iko hii watu wanapaka chumba cha mtoto. Ni ya kupaka wapi?"

"Sebuleni, halafu chumba cha kulala. Mama watoto anarudi Krismasi."

"Si umlete achague mwenyewe, msikosane bure?"

"Yuko Marekani."

"Aii, mzee! Basi mtumie picha."

Mke wangu alienda kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Kina mama wengi wa huku wanaenda hivyo siku hizi. Mtu anafunga unga wa uji kwenye sanduku, anasema atakaa kidogo tu, kisha mtoto anaota meno, kisha anaanza kutambaa, na nani atamwangalia mama yake akienda kazini? Lakini Desemba alikuwa ameniahidi kwa mdomo wake. Kwa hiyo nilitaka akute nyumba imependeza.

Picha sikutuma. Rangi niliyoitaka haikuwa kwenye kadi ile. Wenye kusoma wataiita samawati, mimi naijua kama rangi ya ukuta wa shosho.

Shosho ndiye mama wa mama yangu, na ndiye aliyenilea, kule juu karibu na msitu, ambako baridi ya Julai inakufanya ushike kikombe cha uji kwa mikono miwili na bado usihisi vidole. Nyumba yake ilikuwa ya mabanzi, yale maganda ya miti ambayo wapasuaji mbao huyatupa, na ndani ilikandikwa udongo. Mama yangu alikuwa kule Mwea, akifanya kibarua kwenye mashamba ya mpunga ya watu. Tulimwona Krismasi tu. Alishuka kwenye basi na mfuko wa mchele kichwani, nguo zake zikinuka makapi ya mpunga, na sisi tuliokula githeri, mahindi na maharagwe, mwaka mzima tukajua kwamba sasa tutakula wali na chapati mpaka tushindwe kuinama.

Kwa hiyo kila Desemba shosho alipaka nyumba. Aliweka mawe ya chokaa kwenye debe, akamwaga maji, na debe likaanza kuchemka lenyewe bila moto. Mimi niliona huo ni uchawi kabisa. "Rudi nyuma, itakutoa macho!" shosho alinionya. Ikishapoa alitia chumvi ili ishike ukutani. Kisha alichukua bluu, ile ya kufulia mashati meupe ya kanisani, akaifunga kwenye kitambaa na kuikamua ndani ya debe kama anayekamua ng'ombe. Brashi ilikuwa kipande cha mkonge kilichopondwa ncha kwa jiwe.

Sasa hapa ndipo pa kuelewa. Rangi ile ikiwa mbichi ilikuwa nzito na mbaya, kama mbingu inayotaka kumwaga mvua ya mawe. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa mbuzi wengi na maneno mengi zaidi, alichungulia mlangoni kila mwaka na kusema jambo lilelile.

"Mama, unaipaka hiyo nyumba ama unaipiga? Ona vile imevilia damu!"

"Ngoja ikauke ndio uongee," shosho alimjibu bila kugeuka.

Na asubuhi ikawa imekauka. Ukiamka, ukuta umekuwa mwepesi, umekuwa kama anga ya Desemba kule kwetu, saa ile Mlima Kenya umejitoa wote na hakuna wingu hata la kusingizia. Nilikuwa nalala nikiutazama, nikinusa moshi wa kuni na chokaa, nikihesabu siku zilizobaki.

Ubaya wa chokaa ni kwamba inashika chochote kinachoigusa. Ukiegemea ukuta, unaondoka nao. Shule zikifunguliwa Januari, mwalimu alikuwa akinipiga kofi la mgongo, vumbi la bluu likaruka, darasa zima likacheka. "Huyu bado analala mbinguni!" mwalimu akasema. Ndiyo maana kila asubuhi kabla sijatoka shosho aliniambia neno moja: "Geuka." Nikageuka. Akanipangusa mgongo kwa kiganja, pap, pap, pap, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka nikakohoa. Mkono wake ulinuka maziwa na jivu.

Kuna Krismasi moja ambayo mama hakuja. Chapati zilikuwa zimepangwa na kufunikwa kwa kitambaa. Tulisikia honi ya basi kule barabarani, nikakimbia hadi nikapoteza kiatu, nikakuta wameshuka watu wa nyumba nyingine. Nilirudi nikasimama mlangoni. Shosho aliugusa ukuta kwa kidole, akakitazama kile kidole, akasema, "Ni vizuri hajafika. Rangi bado mbichi, angeharibu nguo."

Rangi ilikuwa imekauka zamani. Mimi nilikuwa na vumbi lake mgongoni.

Mama alikuwa amepata nyumba nyingine kule Mwea, na mume. Baadaye alikuja, lakini alikuja kama mgeni, akakaa kwenye ukingo wa kiti na mkoba mapajani. Shosho hakuacha kupaka. Kila Desemba debe lilichemka, mpaka mwaka ambao mkono wake haukuweza tena kufika juu ya mlango.

Basi, turudi dukani. Mimi ni mtu wa kujua mambo yangu. Nilijua rangi ikikauka inapungua, kwa hiyo nikamwambia msichana achanganye iliyokolea kidogo kuliko ninayoitaka. Aliniambia, "Mzee, hii itakuwa nzito," nikamwambia anichanganyie tu. Fundi wangu alipoanza kuipaka sebuleni aliniangalia.

"Mdosi, ni hii kweli?"

"Ngoja ikauke ndio uongee."

Ikakauka, ikazidi kukolea. Rangi za siku hizi zinafanya kinyume, na hakuna aliyeniambia, au yule msichana aliniambia nikamnyamazisha. Nilimwonyesha mke wangu kwenye simu, akacheka mpaka simu ikatetemeka mkononi mwake.

"Wee mzee! Umepaka nyumba ama umefungua kituo cha polisi?"

Nilicheka na mimi. Ulikuwa umepita muda mrefu nyumba ile haijasikia kicheko, hata cha kutoka kwa simu.

Nikaenda nikanunua chokaa na bluu ya kufulia. Chumba chetu cha kulala kilikuwa bado plasta tupu, na hapo ndipo nilipotaka. Fundi alipoona debe linachemka alivua kofia.

"Mdosi, hii ni ya kupaka mawe kwa chifu na miti ya shule. Watu wakiuliza, usiseme ni mimi."

Nikamwambia aende nyumbani. Nilipaka mwenyewe, mimi mwenye malori, suruali nimeikunja, chokaa ikiniunguza vidole. Ikiwa mbichi ilitisha. Asubuhi nilifungua mlango, nikasimama pale. Ilikuwa ni ile. Hakuna kadi duniani yenye rangi ile.

Jumapili alasiri mke wangu alipiga. Nilijua kwa jinsi alivyoanza kwa kuuliza habari za ng'ombe.

"Usikasirike. Mtoto kifua kinamsumbua, na huku baridi imeanza. Binti yako kazini hawampi ruhusa. Labda Aprili."

"Aprili."

"Nionyeshe hicho chumba unachojisifia."

Niligeuza simu, nikaizungusha polepole ukuta hadi ukuta.

"Ni nzuri," akasema. "Kweli ni nzuri. Pole, mzee wangu."

"Hapana, ni sawa," nikamwambia. "Hata ni vizuri hujafika. Rangi bado mbichi, ungeharibu nguo."

Ilikuwa imekauka tangu Alhamisi. Niliyasikia maneno yakitoka kinywani mwangu na sauti haikuwa yangu. Tulipomaliza niliegemea ukuta nikiwa na koti langu jeusi, nikakaa hivyo mpaka chumba kikaingiwa na giza.

Nyumba ya shosho haipo. Mabanzi yalichukuliwa kuni, na mahali lilipokuwa debe sasa ni mistari ya majani chai. Jirani wa mbuzi alikufa, na hata ile honi ya basi wameibadilisha. Nina vitu vingi ambavyo shosho hakuwahi kuviona, na nilikuwa nikidhani hiyo ndiyo hesabu ya maisha. Lakini hakuna aliyebaki wa kuniuliza kama ninaipaka nyumba au ninaipiga.

Jumatatu nilikwenda sokoni kusimamia viazi vikishushwa, nimevaa lilelile koti langu jeusi, nikipiga kelele kama kawaida, nikimwambia huyu weka pale, yule toa hapa. Vijana wa kubeba magunia walikuwa wakitazamana. Mimi ni mdosi, nani ataniambia? Mpaka nilipofika kwa mama wa chai.

"Mzee, umeegemea nini leo? Mgongo wote ni bluu."

"Najua," nikamwambia, na sikuwa najua.

Halafu miguu yangu ikafanya kitu chenyewe. Nikageuka. Nikasimama pale katikati ya soko la Nyeri, mtu mzima, mgongo wangu kwake, nimekaza mabega nikingoja kiganja. Nyuma yangu nilisikia akimuuliza mteja mwingine kama anataka mandazi.