Kopo Moja kwa Tani Nzima

Zamani mtu aliyechanganya chakula cha mifugo alinawa mikono kabla na baada ya kazi. Siku hizi anabonyeza kitufe na kwenda kunywa chai.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alichanganya chakula kiwandani miaka ishirini na tisa. Tulimwita Taratibu. Kilichomtoa jasho ni seleni, madini ya unga yanayotiwa kopo moja kwa tani nzima. Yakipungua, wanakondoo huzaliwa na miguu migumu, wasiweze kusimama kunyonya. Yakizidi, kondoo huhema mpaka afe. Kwa hiyo Taratibu alichanganya kopo na beseni la pumba kwanza, kisha beseni na gunia, ndipo gunia liingie kwenye tani. Sikusomea lolote, lakini hilo nalielewa.

Ilipokuja mashine, meneja akamwambia amwage kopo moja kwa moja.

"Haitaenea," Taratibu akasema.

"Mzee, hii inazunguka kuliko wewe na mkeo mkicheza muziki."

Watu wakacheka. Yeye akahamishiwa kushona magunia.

Dada alikuwa na kondoo tisa, wakila chakula hichohicho. Gunia la kwanza halikuwadhuru. La pili lilipofunguliwa, wanne wakafa kwa siku mbili. Majirani wakasema mchanganyaji mwenyewe kalisha sumu nyumbani kwake. Hilo ndilo lililomchoma: kazi ya miaka yote ile, halafu jina lizikwe na mizoga.

Akaomba chakula kipimwe. Mkaguzi akaja na kijiko, akachota gunia moja, la juu.

"Chota yote," Taratibu akamwambia.

"Baba, ukionja mchuzi unamaliza sufuria?"

"Mchuzi umekorogwa."

Majibu yakaja na mhuri: seleni sawasawa, chakula salama. Nikaenda kubishana ofisini. Nikaulizwa nina shahada gani.

Mara ya mwisho kuwaona, kabla hawajahamia kwa binti yao, walikuwa wamemwaga magunia yote yaliyobaki juu ya turubai uani, wanageuza rundo kwa makoleo. Kondoo watano walilia njaa bandani.

"Shemeji, si wamesema ni salama?"

"Gunia lile, ndiyo."

"Kaka," dada akasema, "kama umekuja kulalamika, lalamika ukiwa na koleo."

Tukageuza mara ya tatu, ya nne. Taratibu akachota konzi, akaitazama.

"Bado," akasema.