Shimo la Kona ya Nambis na Hela ya Gesi

Mwaka walipokuja watu wa utafiti wa gesi, sisi wa Nambis tuliacha kufukia mashimo ya barabarani. Ofisa kutoka wilayani alitueleza mkutanoni kwamba kampuni inayotafuta mafuta na gesi kule bondeni huilipa serikali kodi ya kitalu, yaani eneo inalolitafiti, na sehemu ya kodi hiyo itatengeneza barabara zetu. Tulipiga makofi. Jumamosi iliyofuata, siku ya kazi ya kijiji, hakutokea mtu na jembe.

"Barabara ni ya gesi sasa, mwalimu," jirani mmoja aliniambia, huku akila hindi la kuchoma.

Aliyeumia ni mama mwenye nyumba wangu, mjane. Viazi vyake vilishajaa kwenye magunia, mvua inanyesha, na dereva wa lori alikuwa ameliona shimo la kwenye kona akaapa hapiti hapo hata kwa maombi. Wiki nyingine tu, na jasho lake la msimu mzima lingeozea stoo.

Hakubishana na mtu. Alipika makande sufuria kubwa, akakoroga togwa, akatuma habari kwa majirani kwamba anaomba msaada wa kulima. Huku ukiitwa hivyo huulizi maswali. Ukikosa, siku yako utalima peke yako. Walikuja wote, hata yule wa hindi. Nami nilikwenda, ingawa ninavyoshika jembe huwachekesha.

Mama akatupitisha shambani bila kusimama, mpaka kwenye kona.

"Hapa."

"Mama, hapa si shamba!"

"Viazi vyangu vinapita hapa kila mwaka. Kama si pangu, ni pa nani?"

"Pa gesi!"

"Haya, gesi iwapikie makande."

Wakatazamana. Yule wa hindi akatema mate viganjani, akaanza kusomba mawe.

Tulikuwa tunashindilia udongo mwenyekiti wa kijiji aliposhuka kwenye bodaboda, anahema.

"Acheni! Ache— shikamoo, mama."

"Marahaba. Endelea."

"Kesho wanakuja kukagua barabara mbovu za kupewa hela. Wakikuta pazuri hivi, hela yote inakwenda kwa wenzetu wa Hanang. Fukueni!"

Mama akasimama katikati ya kifusi, mikono kiunoni. "Anza kufukua kwenye miguu yangu."

Mwenyekiti, aliyezaliwa mama akiwa tayari na watoto, akakubali kwamba lori lipite kwanza.

Dereva alipoitwa, lori lilipanda tupu, likapakia, likashuka. Kwenye kona tairi la nyuma likazama kwenye udongo mbichi, mawe yakaruka, tukasukuma kwa mabega mpaka tope likatuingia midomoni. Likatoka, likakata mteremko na viazi vyote. Mama alilisindikiza kwa macho hadi likapotea.

Nyuma yake lilibaki shimo ambalo ndama angeweza kulala ndani. Mwenyekiti alilizunguka taratibu, uso unamng'aa.

"Ahsante sana, mama. Hili watalipiga picha."

"Nawa mikono," mama akamwambia, "ule."