Nati Iliyokazwa Mpaka Mwisho

Mpaka leo nikisikia harufu ya breki inayoungua hasira hunipanda upya, na mtu asiniambie kwamba yameshapita.

Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda, la kulia liliona vivuli tu, na hospitali ya Ndanda walimpangia upasuaji siku ya Alhamisi, tuwe tumefika kabla ya saa sita mchana. Sisi tunakaa Newala, na kutoka Newala kwenda huko lazima ushuke mlima. Kwa hiyo Jumamosi iliyotangulia, mimi na mume wangu tuliipeleka pikapu yetu Masasi ikabadilishwe laining za breki za nyuma. Za zamani zilikuwa zimelika mpaka chuma kinakwaruza chuma.

Tukiwa njiani kurudi, mimi nikiendesha, moshi ukaanza kutoka kwenye magurudumu ya nyuma. Nikasimama. Mume wangu hata hakushuka kuangalia.

"Umeendesha na handibreki juu," alisema.

Handibreki ilikuwa chini. Nilimwonyesha kwa kidole. Akasema basi niliisahau mwanzoni, nikaishusha baadaye kimyakimya. Mimi, ambaye kila siku ya Mungu ninaendesha gari lile kwenda shuleni kufundisha! Tulipofika nyumbani alichukua ufunguo, akautia mfukoni, akasema Alhamisi atampeleka mama yeye mwenyewe.

Alhamisi akaendesha yeye, mama katikati, mimi dirishani. Hatujamaliza mteremko, moshi ule ule. Nilinyamaza makusudi, nione safari hii atamsingizia nani. Tulisimama mara tatu ili magurudumu yapoe, na kila tuliposimama mama aliuliza, "Tumefika, wanangu?" Saa zilikuwa zinakwenda na jicho lile lilikuwa ndilo pekee lililobaki.

Kule gereji Masasi, mama tukiwa tumemkalisha kwenye benchi pembeni, mume wangu alikuwa wa kwanza kufungua mdomo. "Huyu mwalimu aliziunguza breki Jumamosi," aliwaambia mafundi. Wakacheka. Fundi aliyezifunga zile laining ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku bado anacheka.

"Mwalimu, mpya lazima zibane kidogo," akasema. "Wewe tembea nazo tu, zitakaa sawa zenyewe."

Zikae sawa zenyewe, na mama yangu anasubiriwa Ndanda!

Nilichuchumaa nikapeleka kiganja karibu na kila gurudumu. Ya mbele yalikuwa na joto la kawaida. Ya nyuma, yote mawili, hayakaribiki. Hapo nikafikiri kama ninavyowafundisha watoto kufikiri: kanyagio la breki hukamata magurudumu yote manne, sasa ni kitu gani kinachokamata ya nyuma peke yake? Nikamwambia fundi apige jeki. Handibreki ikiwa chini kabisa, tairi halikuzunguka hata tulipolisukuma watu wawili.

"Legeza waya wa handibreki," nilisema.

"Mwalimu, hii kazi..."

"Nimesema legeza!"

Aliingia chini ya gari akinung'unika, akatuita tuje kuona. Nati inayovuta ule waya ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Laining zilipokuwa zinalika, mtu alikuwa akiikaza kidogo kidogo ili handibreki iendelee kushika mlimani, badala ya kusema jamani, breki zimekwisha. Sasa laining mpya ni nene, na waya bado unazivuta. Waliimwagia mafuta ya taa, wakaipigania kwa spana mbili, ikalegea. Tairi likazunguka kwa kidole kimoja.

"Nani aliikaza namna hii?" fundi aliuliza.

Nyumbani kwetu anayeshika spana ni mmoja. Nilimtazama. Alikuwa ameinamia simu yake, na simu yenyewe ilikuwa imezima. Mafundi wote walikuwa wanasubiri jibu.

"Mimi," nilisema.

Wakacheka tena, wengine wakapiga makofi. Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba ana shida sokoni, tumtangulie tu. Nilinyoosha mkono, akanipa ufunguo bila kuniangalia.

Barabara ya Ndanda hatukuona moshi wala harufu. Mimi ndiye niliyekuwa nawaka. Nilisema peke yangu kwa sauti kwamba labda hakujua, labda alishasahau kama aliikaza.

"Alijua," mama alisema. "Jumapili ulipokwenda ibadani alilala chini ya gari. Nilisikia anagonga, akasema, 'Imegoma kulegea hii.' Na zamani zote, kila alipokuwa anakaza, nilikuwa namsikia. Macho ndiyo mabovu, mwanangu, si masikio."

Karibu nitoke barabarani. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Kwamba alinisikia nikiitwa mzembe nyumbani kwangu, akanyamaza. Kwamba nilichekwa gereji, akanyamaza.

"Mkwe hasemwi," alijibu.

"Hata ukipofuka?"

"Hata nikipofuka."

Nikamwambia hiyo si heshima, ni ujinga. Nikamwambia ni watu kama yeye wanaolea wanaume kama yule. Nilisema mengi, mengine siwezi kuyaandika. Aliniacha nikamaliza yote, uso wake ameuelekeza kwenye kioo cha mbele asichokiona.

"Na wewe," aliniuliza, "fundi alipouliza nani aliikaza, ulisema nani?"

Tulifika Ndanda saa tano na nusu. Muuguzi alikuja kumpokea mlangoni akamshika mkono, wakaingia ndani, na mimi nikabaki nje na ufunguo wa gari mkononi.