Siku Tuliyoshusha Meza

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa msichana wa rika lako, nasomea usanifu wa majengo hapa Birmingham, mjuaji kupita kiasi. Kundi letu lilipewa kazi ya kubuni mahali pa wanawake kutawadhia katika msikiti mmoja wa mtaa wa Washwood Heath. Tulikuwa watatu: mimi, Farhiya, na Zamzam aliyetumia kiti cha magurudumu.

Karakana ya chuo ilikuwa ghorofani, na lifti hakuna. Basi mimi na Farhiya tukachora juu, Zamzam akabaki chini. Siku moja tulishuka na futi ya kupimia, tukampima mikono na magoti, tukapanda tena. Tukamchorea bomba lake peke yake, pembeni, karibu na mlango wa nyuma. Wallahi tulijiona watu wema!

Ilipobaki wiki moja tukabidhi kazi, tukamshushia mchoro. Akautazama weee, kisha akaniuliza:

"Sasa Khadija, mimi ni group member ama ni tape measure? Mwalimu akiuliza nimefanya nini, nimwambie nilinyoosha mkono? Si nitafeli?"

Nikamwambia asijali, jina lake tutaliandika. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

"Jina sitaki. Nataka pencil. Na hapo kwa mlango sikai peke yangu, wenzangu wakipiga story huko."

Nililia njia nzima ndani ya basi. Kesho yake mimi na Farhiya tukaibeba meza ya karakana, ngazi moja baada ya nyingine, tukaiweka koridoni chini. Mlinzi alifoka, hatukuondoka. Zamzam akafuta lile bomba la pembeni, akachora mabomba yote kwenye safu moja, kimo cha mtu aliyeketi. Tulipopeleka mchoro msikitini, alieleza yeye, na bibi zetu wenye magoti mabovu ndio waliomshangilia kwanza.

Leo nafundisha, kichwa kimejaa mvi. Chumba asichoweza kuingia mwanafunzi wangu mmoja, siingii hata mimi. Wakubwa wanune wapendavyo.

Nawe unaanza chuo Jumatatu. Wakikwambia kundi limetimia, tazama nani amebaki chini. Usimpelekee futi, mpelekee kalamu. Na chumba kikimkataa, hameni nyote. Mungu akupe mikono ya kubeba meza, mwanangu, na asikupe raha mpaka uifikishe chini.